Fani ndogo ya sayansi: data, bahari au tabianchi?

Barua iliyofika idarani ilikuwa fupi. Kila idara ya sayansi ilete pendekezo la fani ndogo moja, muhula usiishe. Mkuu wetu wa idara aliisoma kikaoni, akaikunja, kisha macho yake yakanitua mimi niliyekuwa ndiyo kwanza naingia mlangoni. Ndivyo nilivyopata uenyekiti wa kamati.

Naandika haya kwa mhadhiri mwingine atakayeangukiwa na kazi kama hiyo. Mezani kwetu yalifika mapendekezo matatu: sayansi ya data, sayansi ya bahari na sayansi ya tabianchi. Nitayapanga bega kwa bega, lakini sitajifanya sina upande. Ninao, na sio ule niliokuwa nao siku ya kwanza ya kamati.

Kwanza tuelewane maneno. Fani ndogo ni kundi la kozi ambalo mwanafunzi wa shahada nyingine analisoma pembeni, na likatajwa kwenye nakala yake ya matokeo: shahada yake ni ya Kemia, fani ndogo Sayansi ya Bahari. Wanafunzi wanaiita maina, na sina ugomvi nao. Nikisema kozi nina maana ya somo moja la muhula mmoja, si shahada nzima kama tunavyoulizana mtaani, "Umechaguliwa kozi gani?"

Mtindo huu hatukukulia. Chuo cha Dar es Salaam kilizaliwa 1961 chini ya mbawa za Chuo Kikuu cha London, na desturi ya Kiingereza ni kwamba unaingia na fani yako na unatoka nayo. Waliozoea kubeba mawili kwa mkupuo ni wanafunzi wa ualimu, wenye masomo mawili ya kufundishia. Fani ndogo ni mazoea ya Marekani, na Afrika Mashariki utayakuta zaidi kwenye vyuo vyenye asili hiyo, kama USIU-Afrika ya Nairobi iliyoanza 1969. Kwa hiyo mtu wa kwetu akiambiwa aunde fani ndogo, hatua ya kwanza anafungua mtandao na kutafuta kitabu cha mitaala cha chuo cha Marekani. Hapo ndipo sisi tulipojikwaa.

## Kumi na nane za nani?

Rasimu yetu ya kwanza ilisema fani ndogo itakuwa na krediti 18. Hakuna aliyeuliza zimetoka wapi. Kikao kizima tulijadili jina la fani, tukanywa chai, tukaahirisha.

Zilitoka Marekani. Kule shahada ya kwanza kwa kawaida ni krediti 120, na fani ndogo hucheza kati ya 15 na 21. Krediti yao moja ni saa moja ya darasani na mbili za kujisomea kila wiki, kwa wiki 15 au karibu na hapo. Jumla saa 45. Tanzania krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na shahada ya miaka mitatu haipungui krediti 360. Krediti 18 za Marekani ni saa 810. Krediti 18 za kwetu ni saa 180, yaani kozi moja na nusu. Tulikuwa tunataka kumwandikia mtu "fani ndogo" kwenye nakala ya matokeo kwa kozi moja na nusu.

Njia iliyo salama ni kunakili uwiano na kuacha namba. Kumi na nane katika 120 ni asilimia 15. Asilimia 15 ya 360 ni 54. Kwetu kozi ya kawaida ina krediti 12, hivyo tukapandisha hadi 60: kozi tano, saa 600. Kenya wana hesabu yao, na mtu wa huko aanze na viwango vya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya kwao, asichukue 60 yangu kama mimi nilivyochukua 18 ya wenyewe.

Sasa mapendekezo. Jedwali hili nililichora ubaoni siku ya tatu, na sehemu kubwa ya ugomvi wa kamati iliishia hapo:

| | Data | Bahari | Tabianchi |
|---|---|---|---|
| Kozi ambazo tayari zipo chuoni | nusu | chache | karibu zote |
| Kinachokula fedha | kompyuta, umeme, walimu wanaohama | usafiri na vifaa | vikao |
| Mzigo usioonekana | hisabati ya nyuma | ratiba | haina mwenyewe |
| Anayeimudu bila kuumia | wa Hisabati, Fizikia | wa Biolojia, Kemia | yeyote |

Mstari wa tatu ndio wa kutazama. Miwili ya juu kila kamati huifikia yenyewe.

## Data: nyepesi kwenye karatasi

Hii ndiyo iliyokuwa na wapambe wengi, na hoja zao si za kubeza. Zana zake ni za bure: R na Python, lugha za kuandikia programu, unazipakua bila kumpigia mtu magoti kwa leseni. Malighafi iko nyumbani, kuanzia sensa ya 2022 iliyohesabu watu 61,741,120 Tanzania hadi bei za mazao na vipimo vya mvua. Hata maadili ya data yana cha kufundishia hapa hapa bila kuazima mifano ya mbali: Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Mzazi akisikia mwanawe anasoma data, anatulia.

Rasimu ilikuwa na kozi tano: Utangulizi wa Sayansi ya Data, Uandishi wa Programu, Takwimu Tumizi, Ujifunzaji wa Mashine, na Mradi. Krediti 60 juu ya alama. Niliichapisha nikaiacha juu ya meza yangu, nimeridhika.

Binti mmoja wa mwaka wa pili, wa Botania, alikuja kuulizia tarehe ya sapu, mtihani wa marudio.

"Shikamoo, Dokta."

"Marahaba. Kaa."

Kabla hajaondoka nikamsogezea karatasi, nikamwuliza kama angejiunga. Aliisoma kimya, akaomba kalamu. Akaanza kuchora mishale, kutoka kwenye kozi kwenda ukingoni mwa karatasi, upande wa kushoto ambako hakukuwa na kitu.

"Hii Takwimu Tumizi, kwenye kitabu cha chuo inataka Probabiliti. Probabiliti inataka Kalkulasi. Mimi sekondari nimetoka CBG, yaani Kemia, Biolojia na Jiografia; hesabu yangu ni BAM tu, ile ya msingi. Hii ya mashine inataka Aljebra ya Mistari." Akahesabu kwa ncha ya kalamu. "Kwa hiyo hizi si tano, Dokta. Hizi ni nane."

Nane mara kumi na mbili ni 96. Zaidi ya robo ya shahada nzima, kwa kitu kinachoitwa kidogo. Nilimshukuru, na ile karatasi yenye mishale ninayo mpaka leo.

Kozi tangulizi ndizo zinazoua fani ndogo za sayansi, na vifo vyake havina kelele: fani inatangazwa, wanafunzi wanasoma masharti, hawaji, na baada ya miaka miwili mtu anasema hapakuwa na mwamko. Kwa data tatizo lina kejeli yake. Kozi tano ni tano kweli kwa mwanafunzi wa Hisabati, kwa sababu zile tatu za nyuma anazo tayari. Huyo ndiye asiyeihitaji sana. Wa Botania, wa Jiolojia, wa Afya ya Jamii, wenye data za shambani na maabara zinazooza kwenye daftari, ndio wanaodaiwa nane.

Dawa ipo, nami naiamini: kozi ya takwimu inayoanzia kwenye data na kuiacha kalkulasi nje. Mwanafunzi anaiagiza kompyuta irushe sarafu mara 10,000, anatazama matokeo yanavyojipanga, anachota sampuli upya na upya kutoka kwenye vipimo vyake mwenyewe mpaka anaona kwa macho kwamba wastani hauna uhakika kama alivyodhani. Hilo halihitaji hata ukurasa mmoja wa kalkulasi. Linahitaji mhadhiri anayetaka kufundisha hivyo, na linahitaji Idara ya Hisabati isilione kama tusi. La pili ni gumu kuliko la kwanza.

Kuhusu walimu nitakuwa mfupi. Kijana aliyebobea kwenye data hukaa nasi mpaka benki au kampuni ya simu imwone. Ukiunda fani hii, hesabu wahadhiri wawili kwa kila nafasi moja, au kubali kwamba kila Septemba utakuwa unatafuta mtu.

## Bahari: ghali, lakini inafundisha mambo matatu kwa safari moja

Chuo chetu kiko pwani. Dirisha la ofisi yangu lingekuwa kwenye ukuta wa pili, ningeona maji. Hata hivyo pendekezo la bahari lilipoletwa wengi walilichukulia kama burudani, kitu cha kuwapeleka watoto ufukweni.

Majirani tu wanatosha kulitetea. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iko Zanzibar tangu 1978. Mombasa kuna taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, ya 1979. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ilianzishwa 1995. Fani ndogo inahitaji mahali pa kumpeleka mwanafunzi wiki mbili akaone kazi ikifanyika, na pwani hii yote ina sehemu za aina hiyo. Jaribu kumtafutia mwanafunzi wa data nafasi ya namna hiyo ndani ya benki uone utakavyozungushwa.

Halafu kuna utajiri wa somo lenyewe. Chukua mwani peke yake. Kilimo cha mwani cha biashara kilishika Zanzibar mwaka 1989, na wakulima wengi ni wanawake. Wanalima aina mbili wanazoziita kwa majina ya soko, spinosum na cottonii. Cottonii ina bei, lakini maji yakipata joto inapauka na kukatika, kamba inabaki tupu. Mwanafunzi wa Botania anaona mmea unaougua. Wa Kemia anaona karajinani, ute unaotolewa kwenye mwani huo na kutiwa kwenye dawa ya meno na aiskrimu. Wa Fizikia anataka kujua joto la maji ya kina cha goti saa sita mchana. Wote watatu wanarudi na vipimo vinavyohitaji takwimu. Data na tabianchi zimeingia humo zenyewe, bila kuundiwa kozi. Matumbawe vilevile: mwaka 1998 bahari ilipopata joto yalipauka na kufa kwa wingi katika Bahari ya Hindi ya magharibi, na kuna vipimo vya kabla na vya baada ambavyo mwanafunzi anaweza kuvisoma na kubishana navyo.

Vifaa vilitutisha. Nilishuka maabara kumwuliza mzee wetu, fundi sanifu aliyekuwapo kabla ya wengi wetu.

"Mzee, hadubini tunazo ngapi?"

"Ziko ishirini, Dokta." Akafuta meza kwanza. "Zinazoona ni tisa."

Nilikuwa nimeandika ishirini kwenye pendekezo, kwa sababu ndivyo daftari la mali linavyosema. Ukiandaa bajeti, usimwulize mtunza daftari, mwulize anayeziwasha. Mzee huyo huyo ndiye aliyetuokoa upande mwingine. Tulipata bei ya fremu za mraba za kuhesabia viumbe kutoka kwa muuza vifaa vya maabara, akaitazama ile ankara, akacheka. Wiki iliyofuata alikuja na bomba la plastiki la nusu inchi kutoka duka la vifaa vya ujenzi, akalikata vipande vinne vya sentimita 50, akavifunga kwa elbo nne, akatoboa matundu kila upande ili maji yaingie na fremu isielee. Robo mita ya mraba kamili. Akatengeneza kumi kabla ya adhuhuri. Ukiongeza kamba ya mita 50 yenye alama, kipima joto na kipima chumvi, umeshapata vifaa vya kozi nzima ya ufukwe.

Usafiri hauna ujanja huo. Basi, dizeli, mashua, jaketi za kujiokolea, mtu wa huduma ya kwanza, kibali unapoingia hifadhini. Andika gharama hizi kwenye pendekezo waziwazi, tena kwa kila mwanafunzi. Ukizificha ili pendekezo lipite, litapita, na mwaka wa pili utakuwa unafundisha bahari kwa picha za ukutani.

Mzigo mkubwa zaidi wa bahari ulikuwa ratiba, na hatukuuona mpaka tulipofika ofisi ya ratiba. Chuo kinajua Jumanne saa nane mchana. Bahari haina Jumanne. Bamvua, yaani maji kujaa na kupwa kupita siku nyingine, huja baada ya mwezi mwandamo na baada ya mwezi mpevu, na kwenye pwani yetu maji ya bamvua hukupwa sana mnamo saa nne au saa tano asubuhi. Ikifika saa nane yamekwisha geuka na yanapanda. Siku za maji mafu unaweza kuyakuta yamekupwa alasiri, lakini hayaendi mbali, mwamba wenyewe hauonekani. Kati ya bamvua la juu na la chini tofauti inakaribia mita nne. Kati ya kuona na kutoona matumbawe ni saa mbili tu. Nilipeleka jedwali la maji ofisi ya ratiba, nikalitandaza mezani. Mratibu, kijana mstaarabu, alilisoma kwa makini.

"Na Ijumaa haitawezekana?"

Hatimaye tulifanya hivi: mihadhara inabaki darasani kwenye muhula, na kazi za ufukweni zote zinakusanywa kwenye kambi ya siku nne wakati wa bamvua, likizo fupi. Saa 10 kwa siku, jumla 40, theluthi moja ya saa 120 za kozi. Ratiba ya chuo haiguswi. Sijui kwa nini hatukuanza hapo.

## Tabianchi: kila kitu kipo, mwenyewe hayupo

Hapa sitakaa sana, kwa sababu pendekezo lenyewe liliandikwa kwa siku moja, na hilo lilipaswa kutushtua. Jiografia wana kozi ya hali ya hewa. Fizikia wana ya nishati. Botania wana ikolojia, Kemia wana ya uchafuzi wa hewa. Ziunganishe, umepata fani ndogo bila kuajiri mtu. Umuhimu wake hauhitaji mhubiri: mvua za El Niño za 1997/98 zinakumbukwa, Kimbunga Hidaya kilitua Mafia Mei 2024, na barafu ya Kilimanjaro inazidi kupungua.

Niliomba muhtasari wa kozi zote nne nikazisoma usiku mmoja. Athari ya gesijoto inafundishwa mara nne, kila mara kuanzia mwanzo, kila mara kwa mchoro ule ule wa jua na mishale. Kwa nini upepo wa kaskazi ugeuke kuwa kusi hakuna anayefundisha, kila idara imedhani jirani anafanya. Na mwaka unaofuata Kemia wakiamua kuibadilisha kozi yao, hawana sababu ya kumwambia mtu.

Kiporo ni chakula kizuri, lakini lazima awepo wa kukipasha. Fani iliyokusanywa tu humpa mwanafunzi rundo la kozi, na kazi ya kuziunganisha anaachiwa yeye, aliye na ujuzi mdogo kuliko wote. Ingeponyeka kwa kozi mbili mpya: moja ya kufungulia, inayofundisha fizikia ya angahewa mara moja na vizuri, na moja ya kufungia ambamo mwanafunzi anachukua miaka 30 ya vipimo vya mvua vya kituo kimoja na kuvitolea hesabu. Lakini ukishaongeza hizo mbili na mtu wa kuzifundisha, ile sifa ya "haina gharama" imekwisha, na ndiyo iliyokuwa imewavuta watu.

## Njia niliyoishia kuiona inafaa kwa yoyote kati ya hizo

Kozi ya kwanza na ya mwisho zijengwe upya. Tatu za katikati zikusanywe kutoka zilizopo. Ya kwanza inawapa lugha moja wanafunzi waliotoka idara tofauti, ya mwisho inawalazimisha kuitumia. Katikati unaweza kuvumilia ufa mmoja au miwili.

Baada ya hapo kuna swali ambalo litaamua kama watu watajiunga: kozi ngapi zinaruhusiwa kuhesabiwa pande mbili, kwenye shahada na kwenye fani ndogo? Ukisema hakuna, umemwongezea mwanafunzi krediti 60 juu ya 360 zake. Ukisema zote tano, fani ndogo inakuwa muhuri tu, anaupata bila kusoma neno jipya. Sisi tulisimama kwenye mbili. Kozi mbili ni krediti 24, mzigo mpya unabaki 36, kozi tatu ambazo mwanafunzi anazigawa kuanzia mwaka wa pili. Hesabu hiyo tuliifanya tukiwa na mikopo akilini. Mkopo wa Bodi unafuata miaka ya shahada, haufuati hamu ya mtu, na fani ndogo itakayomrudisha chuoni muhula wa saba itawafaa tu wale wenye wazazi wa kulipa.

Lipo pia chaguo la nne ambalo kamati hupenda kulisahau, nalo ni kutounda. Idara yenye wahadhiri wanne na mmoja yuko masomoni inaweza kufungua kozi tatu za hiari zenye kufuatana, ikazitangaza kama njia, na isiguse nakala ya matokeo. Baada ya miaka mitatu itajua kama kuna wanafunzi. Nililipendekeza mara mbili na mara zote mbili nikaambiwa barua imesema fani ndogo.

Barua kama ile yetu haziandikwi hewani. Tangu 2021 mradi wa elimu ya juu wa Tanzania, HEET, wenye dola milioni 425 za Benki ya Dunia, umevisukuma vyuo vya umma kupitia mitaala upya, na mwenye pendekezo lililo tayari hupata pa kulipenyeza. Litumie dirisha kama hilo likiwa wazi. Ila gharama za kila mwaka, dizeli na kemikali na posho ya fundi, ziweke kwenye bajeti ya kawaida ya idara tangu mwanzo. Mradi una tarehe ya mwisho, na balbu ya hadubini huungua baada ya tarehe hiyo.

Njia ya karatasi unaijua: idara, bodi ya ndaki (mwavuli wa idara kadhaa), Seneti, na Tume ya Vyuo Vikuu pale mabadiliko yanapogusa ithibati ya programu. Nenda kwa msajili kabla hujaandika ukurasa wa pili, umwulize fani itaandikwaje kwenye nakala ya matokeo na mfumo wa kompyuta una sehemu ya kuiandika au la. Wetu haukuwa nayo. Kuiongeza kulichukua muda mrefu kuliko Seneti.

## Kwa hiyo uchague ipi?

Kama una Idara ya Hisabati iliyo tayari kufundisha takwimu kwa watu wa BAM, chukua data, usisite. Kama hawako tayari, iache, kwa sababu utakuwa umeunda fani ya wanafunzi wa Hisabati.

Ukiwa Dodoma au Iringa usijidanganye na bahari. Ukiwa Mwanza au Kisumu una ziwa, na karibu kila nilichosema juu ya bahari kinahamia huko: sangara na dagaa mahali pa matumbawe, gugu maji mahali pa mwani, na tena huna bamvua la kugombana na ofisi ya ratiba. Ukiwa pwani, kuanzia Mtwara hadi Lamu, na una fundi wa maabara kama wetu, bahari itakugharimu zaidi na itakurudishia zaidi. Niliingia kwenye kamati nikiwa mtu wa data. Karatasi yenye mishale ndiyo iliyonitoa, na zile fremu kumi zilizoegemea ukuta wa maabara zikamalizia.

Tabianchi ichukue tu ukiwa na jina la mtu. Fomu ya ndaki ina mstari mmoja chini kabisa ya ukurasa wa kwanza: Mratibu wa fani. Pendekezo la tabianchi lilizunguka idara nne kwa wiki tano, likarudi limejaa saini, na mstari huo mweupe. La bahari lilirudi limejazwa siku hiyo hiyo. Mwandiko ni wa mkuu wa idara, jina ni langu. Nilikuwa nimechelewa tena.